Poda na Kuvu

Mkija kwangu kuniuliza namna ya kusafisha picha za filamu za zamani, nawaambia kwanza mkanawe mikono, pili mtafute kazi nyingine. Mnacheka. Mnadhani bibi anatania. Nimefanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, hapa hapa Likasi, katika chumba kimoja cha mtaa wa Kikula chenye dirisha lililozibwa kwa blanketi, na sijaona hata picha moja iliyorudi kuwa kama ilivyokuwa. Tunachofanya ni kuchelewesha. Uchafu unakuja, tunauchelewesha kidogo, halafu sisi tunakufa na wenyewe unaendelea.

Basi kaeni. Viti vipo, na mimi siku hizi sina pa kwenda.

Zamani wenye kamera mji huu walikuwa wachache: mapadri, wahandisi, wakubwa wa kampuni. Filamu zao zilikuwa nyembamba, upana wa ukucha wa kidole kidogo, zimezungushwa kwenye bobini inayoenea kiganjani. Baadaye mashine za kuzionyesha zikafa, balbu zake hazikupatikana tena, na watu wakabaki na bobini kabatini wasizoweza kuzitazama. Kazi yangu ilianzia hapo. Naipiga filamu kwenye karatasi nyeupe, naipokea kwa kamera ya video, naiweka kwenye kaseti. Kaseti zikaja zikawa diski, diski zikawa hivi vijiti mnavyoning'iniza kwenye funguo. Na kila inapohama, picha inaacha kitu njiani, sawasawa na familia iliyohama nyumba mara nyingi mno. Leo sufuria, kesho godoro.

Aliyenifundisha ni Mzee Donatien, mtu wa zamani sana, aliyekuwa akionyesha sinema kwenye klabu ya wafanyakazi. Siku ya kwanza hakunionyesha mashine. Alinipa bobini, akaniambia ninuse.

"Inanuka siki," nikasema.

"Basi inakufa," akasema. "Ile inanuka siki, ufanye leo. Ile hainuki, ufanye kesho. Na ile imekauka sawa biskuti, umurudishie mwenyewe na umupe pole."

Hilo ndilo somo lote. Mengine mtasikia kwa watu wenye vyeti, lakini mtaishia kunusa tu.

Mzee Donatien alikuwa na dawa yake ya mikwaruzo. Filamu ikiwa na mkwaruzo upande wa mgongo, mwanga unavunjika pale na kwenye picha unaona mstari mweusi kutoka juu hadi chini, kama mvua isiyotaka kuisha. Ukiujaza ule mfereji na mafuta kidogo sana, mstari unapotea. Sasa mafuta gani? Ya kupikia ni mazito, ya mashine yanakula rangi. Mzee alikuwa anapitisha kidole kando ya pua yake, hapa kwenye mkunjo, halafu anakipitisha kwenye filamu, taratibu. Naapa inafanya kazi. Mafuta ya pua ni mepesi na hayana chumvi. Siku moja mke wa mhandisi mmoja aliingia bila kubisha, akamkuta mzee na kidole puani na harusi yake mkononi. Aliichukua bobini kwa vidole viwili, akatoka nayo hivyo hivyo hadi kwenye gari. Mikwaruzo yake iliondoka pamoja naye. Mzee akanigeukia, akasema, "Ungelimuambia ni dawa ya Ulaya." Tangu siku ile nikajifunza kufunga mlango.

Niwape na hili mlishike, maana bila hili hamtafika popote. Kila uchafu una tabia yake. Filamu ni picha nyingi zinazopita mbio, moja baada ya nyingine, na kila picha inakaa kidogo kuliko kupepesa jicho. Chembe ya vumbi inakaa kwenye picha moja tu. Inatokea na imekwenda. Mkwaruzo unakaa mahali pale pale, picha baada ya picha, mkaidi. Unywele unanasa mlangoni mwa mashine, pale filamu inapopita mbele ya balbu, unatikisika ukingoni. Na kuvu, hii inayoota filamu ikikaa kwenye unyevu, inakula picha kuanzia pembeni, inaacha madoa meupe yenye vimizizi, na kila picha ina madoa yake, kwa hiyo ukitazama unayaona yanaruka huku na huku. Ukijua tabia ya uchafu, unajua pa kuusubiri. Mwingine hautoki hata ukijua.

Halafu kuna umeme. Sisi hapa tunauita courant. Unatoka kwenye bwawa la Koni, pale mto Lufira, si mbali kabisa, na mtu angedhani kwa ujirani tu tungeonewa huruma. Ukishuka kidogo, mashine inapunguza mwendo na picha inaanza kupepesa. Ukikatika, filamu inasimama mbele ya balbu ya moto na inatoboka. Nimeona bwana harusi akiyeyuka kuanzia tumboni. Ilibidi niirudishe filamu ikiwa na pengo, bibi arusi anaingia kanisani na mtu, anatoka peke yake.

Na wateja wenyewe je? Familia moja ya kanisa la uamsho waliniletea kaseti ya ndoa yao. Nikaiweka, nikaona theluji tupu, shii, shii, mwanzo hadi mwisho. Nikawauliza walikuwa wanaiweka wapi. Mume akasema ndoa ilikuwa na matatizo, kwa hiyo waliipeleka kaseti kanisani iombewe, ikakaa juu ya baffle, lile spika kubwa, juma zima la kufunga. Sasa ndani ya spika kuna sumaku, na sumaku kwa kaseti ni sawa na moto kwa karatasi. Nikawaeleza. Mume akasema, "Mama Véro, kwa Mungu yote inawezekana." Nikamwambia basi hiyo kaseti ampelekee Mungu, mimi nimeshindwa. Walitoka wamenikasirikia wote wawili, bega kwa bega. Nikasema afadhali, angalau wamepatana kwenye jambo moja.

Nawachekesha kwa sababu najua ninakokwenda. Nimewaita ili niwaeleze habari za Mama Gilbert, na ningeweza kuzizunguka hadi jioni.

Ninyi nyote mlipofaulu mtihani wa serikali mlimwagiwa poda. Mnajua ile furaha: matokeo yanatoka, mtoto anatoka nje, wenzake wanamkimbilia na makopo, wanampaka kichwa, wanairusha hewani hadi mtaa mzima unakuwa mweupe, na mama anapiga vigelegele kama mwehu. Gilbert alipofaulu, padri mmoja aliyependa kamera alikuwa anapita. Akapiga filamu pale uani kwa Mama Gilbert. Ni kipande kifupi, hakifiki hata urefu wa wimbo mmoja. Gilbert yuko katikati, wenzake wanamzunguka, mikono inarusha, poda inashuka, na kule mwishoni anageuka kuelekea kamera na kucheka. Padri aliporudi kwao aliiacha ile bobini kwa mama.

Gilbert alipata kazi kiwandani. Halafu mnajua yaliyozipata kazi za hapa. Akakaa bila mshahara, akawa na mke, akawa na aibu, mwisho akaenda kuchimba kwenye mgodi wa Shinkolobwe pamoja na wengine, mahali ambapo serikali imekataza mtu kukanyaga. Udongo ukawashukia. Hawakutolewa. Mama Gilbert alilia kilio bila jeneza. Watu walikuja, wakalala kwenye mikeka uani, wakaimba, na katikati ambapo maiti inalazwa palikuwa na kiti chenye koti lake. Alivaa nguo nyeusi siku ile. Kwa desturi yetu nguo hizo zina mwisho: familia inaandaa karamu ya kutoa kilio, mfiwa anavua nyeusi, anavaa kitenge kipya, maisha yanaendelea. Mama Gilbert alikataa. Mwaka ukapita, na mwingine, na mingine. Alisema mtu anaondoa kilio cha aliyemzika, yeye hajamzika mtu.

Aliniletea bobini wakati ule wa mwanzo. Ilikuwa imekaa kwenye nyumba inayovuja na kuvu imeshaota. Nilipoipiga kwenye karatasi, uso wa Gilbert ulikuwa na madoa yanayoruka, hata hujui mtoto anacheka au analia. Nikaitolea kopi ya kaseti hivyo hivyo, kwa haraka, maana Mzee alinifundisha: kwanza kopi, kisha kusafisha. Nikamwambia aniachie filamu, nitatafuta pombe ya duka la dawa na kitambaa laini, kuvu inatolewa pole pole, picha moja moja, bila maji.

"Apana," akasema. "Gilbert hatalala tena kwa bantu, kwa nyumba ya wengine."

Akaiweka bobini kifuani, ndani ya nguo, akaenda zake.

Baada ya majuma kadhaa alirudi. Alikuwa ameizungushia taulo safi. Alitabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu tangu msiba. Nilipofungua taulo nikasikia harufu ya sabuni.

Hapa inabidi niwaeleze kwa wale mliokulia kwenye simu. Kwetu, mtu akifa, kilio kikiisha, wanawake wa familia wanafua vitu vyake. Nguo, shuka, hata kofia. Vinafuliwa, vinaanikwa, ndipo vinagawiwa. Ni heshima ya mwisho ya mkono. Nguo za Gilbert nyingi zilikuwa zimekwenda naye shimoni.

"Nilifulaka bintu byake byote," akaniambia. "Koti, viatu. Ilibakia ile filme, na ilikuwa muchafu, weye mwenyewe uliona. Nikaweka maji ya moto na sabuni, nikafula muzuri, nikaanika ku kamba. Angalia sasa, Véro. Haina tena kuvu."

Niliinyoosha mbele ya balbu. Kweli haikuwa na kuvu. Kuvu inapokula filamu inakula ule utando wenye picha, inaulainisha, na ukiugusa na maji unatoka wote kama ngozi ya maziwa. Filamu yote ilikuwa nyeupe, ya kioo, safi kuliko filamu yoyote iliyowahi kupita mikononi mwangu. Nilimtazama yule mama mwenye vidole vilivyochubuka kwa sabuni. Nimewatukana wateja wengi maishani, wengine kwa makosa madogo kuliko lile, lakini mbele yake nilikaa chini tu. Aliona mwenyewe usoni mwangu.

"Maji ilikuwa na rangi," akasema. "Nilizania ni uchafu."

Alikuwa ameyamwaga uani, pale pale walipomrushia poda.

Ikabaki kaseti. Kopi yangu ya haraka, yenye madoa yote, na sasa ndiyo ilikuwa filamu.

Miaka ikaenda. Mzee Donatien akafa, macho yangu yakachoka, mikono ikaanza kutetemeka, na duka nikamwachia Trésor, mtoto wa mdogo wangu, mwanamume wa watu, mwenye mke na kompyuta nzuri. Nikastaafu. Nikasema namshukuru Mungu, sitaona tena nyuso za watu zikioza.

Kiangazi hiki Solange akaja nyumbani. Solange ni binti wa Mama Gilbert, yule aliyebaki. Alisema mama amezeeka, miguu inavimba, na familia wameamua karamu ya kutoa kilio ifanywe sasa, kabla mvua hazijarudi.

"Tunaogopa atakufa na kilio ku mwili, Mama Véro," akasema. "Na yee amekubali. Lakini ameweka sharti. Anataka kwanza amuone Gilbert. Hataki kuona madoa, anataka kuona sura yake, vile alikuwaka anacheka. Akimuona, atavua. Kama hapana, anasema tule tu chakula, yee atabakia na nyeusi yake."

Kwa hiyo mmeelewa kilichokuwa mezani. Mama mmoja, nguo moja nyeusi, na uso mmoja kwenye kaseti mbovu.

Walikuwa wameshampelekea Trésor. Trésor aliiingiza kaseti kwenye kompyuta akabonyeza mahali palipoandikwa safisha, akaenda kunywa chai. Simlaumu, mashine yake inafanya kwa chai moja kazi iliyonigharimu mgongo. Aliporudi, picha ilikuwa imetakata. Akamwita mama aje kuona.

Nilisimuliwa na Trésor mwenyewe. Mama alitazama hadi mwisho. Halafu akauliza, "Banamutupia nini mutoto wangu?"

"Poda, mama."

"Iko wapi? Mikono yabo iko bure. Banamuzunguka, banatupa mikono, hakuna kitu. Weye ulitosha ile poda, uliipeleka wapi?"

Nikaenda dukani nikaangalia. Ilikuwa kweli, na ilitisha. Vijana wanakimbia na makopo, wanarusha kwa nguvu zote, na hewa ni tupu. Gilbert amesimama katikati ya watu wanaomrushia hakuna kitu. Mashine haina kosa: imefundishwa kwamba kitu cheupe kilichopo kwenye picha moja na hakipo kwenye inayofuata ni uchafu, kiondolewe. Poda iliyorushwa ndivyo ilivyo. Mashine haikulelewa Likasi, ingejuaje kwamba kwetu kuna siku ambayo weupe juu ya mtoto ndio furaha yenyewe?

"Mama mukubwa, tunafanya je?" Trésor akaniuliza.

"Tunaanza upya," nikasema. "Kwa mkono."

Basi nikarudi kwenye ile kazi niliyoapa kuiacha. Trésor alikuwa ananisogezea picha moja moja kwenye kioo, mimi namwonyesha kwa ncha ya penseli: hii ni kuvu, ondoa, hii ni poda, acha. Mbinu ni kwenda mbele na kurudi nyuma. Poda inashuka. Ukiiona juu ya bega hapa, picha inayofuata itafute chini kidogo, itakuwepo. Kuvu haishuki, inaruka tu popote. Kwa hivyo mtu anaweza kuitenga, kama unavyotenga mchele na mawe, mradi jicho lisichoke. Courant ilikuwa inakatika, tunasubiri, inarudi, tunaendelea. Tulipata poda kwenye hewa. Tulipata mikono. Tulimpata kijana mmoja mfupi nyuma ambaye hakuna aliyekumbuka kuwa alikuwepo.

Usoni tukakwama.

Pale anapogeuka na kucheka, uso wake wote umepakwa poda, na juu ya poda kuna kuvu. Cheupe juu ya cheupe. Na kaseti nayo ina kosa lake: inachanganya picha, mwisho wa moja unaingia kwenye mwanzo wa nyingine, kwa hiyo hata kile kinachoshuka na kinachoruka vinafanana. Nilirudi nyuma, nikaenda mbele. Ukiondoa weupe, uso unaondoka nao, linabaki shimo lenye masikio. Ukiuacha, ni madoa. Filamu yenyewe ingeniambia. Ningeishika kwenye mwanga, kuvu ningeiona mgongoni mwake, imevimba, na poda ingekuwa ndani ya picha. Lakini filamu ilikuwa kwenye udongo wa uani, na kwenye bobini kuna kioo kitupu. Niliweka penseli chini. Nasema wazi nililia, na si kwa ajili ya Gilbert peke yake. Nililia kwa sababu nilijua hapa ndipo kazi yangu yote inapoishia, na nilikuwa nimelijua hilo siku nyingi.

Trésor alinihurumia. Pasipo kuniambia, aliomba ile picha ndogo iliyobandikwa kwenye diploma ya Gilbert, akaipa kompyuta, akaiambia iutengeneze uso na kuuchekesha. Ikatengeneza. Kijana mzuri, ngozi laini, meno kama ya tangazo la sabuni. Akampelekea Mama Gilbert kwenye simu.

"Huyu haiko mutoto wangu," mama akasema, akamrudishia simu. "Gilbert hakuchekaka na meno. Alichekaka mudomo ya kufunga, juu ya haya. Umuambie Véro afanye yee mwenyewe. Miye nitangojea."

Nitangojea. Kungojea ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo miaka yote ile, na sasa alikuwa ananingojea mimi.

Siku ikafika. Walifanya karamu mchana. Uani sufuria za bukari, ule ugali wetu, kuku, samaki, kwaya ya parokia imekaa upande mmoja na wakwe wa Solange, watu wa uamsho, upande wa pili, kila kundi likisubiri lingine linyamaze. Sebuleni wakaziba madirisha kwa mablanketi, wakatundika shuka jeupe ukutani, wakaazima projekta ya kanisa. Mama Gilbert alikaa mbele kabisa. Solange alikuwa kando yake na kitenge kipya magotini, cha rangi ya maji na maua meupe, kimeshonwa tayari. Mimi nilikaa nyuma, penye mashine. Nilikuwa nimesafisha kila kitu ila uso. Uso niliuacha na weupe wake wote. Sikuwa na ujasiri wa kutoa na sikuwa na ujuzi wa kuchagua.

Nikawasha.

Ua wa nyumba ukatokea ukutani. Wale vijana, wengine wao wako chini ya udongo ule ule wa Shinkolobwe, wakakimbia na makopo. Mikono ikarusha na safari hii poda ikatoka, ikapanda, ikashuka. Mtu mmoja sebuleni akaanza kigelegele, akakikatisha. Gilbert akageuka. Weupe ukamvaa usoni.

Mama Gilbert akasimama. Nilidhani anatoka. Alikwenda hadi kwenye shuka, akainua ncha ya nguo yake, akaanza kumpangusa. Alipangusa pale penye uso, polepole, kama unavyompangusa mtoto aliyetoka kucheza, na uso ukawa unampita juu ya mkono.

"Mama, unaziba picha," mjukuu mmoja akasema. Solange akamnyamazisha.

"Urudilie," mama akaniambia, bila kugeuka. "Véro, urudilie."

Nikairudisha mwanzo. Hakutoka pale. Filamu ikaanza kumwangukia mgongoni, juu ya ile nguo nyeusi, tangu shingoni hadi chini. Na pale, juu ya cheusi, nikaona. Naapa niliona. Poda ilikuwa inateremka kwenye mgongo wake, yote pamoja, ikifuata mikunjo ya nguo, na kuvu ilikuwa inaruka pembeni, huku na huku, peke yake. Kitu ambacho jicho langu na mashine ya Trésor vilishindwa kukitenga kwenye uso wa mtoto, kilikuwa kimejitenga chenyewe mgongoni mwa mama. Nikainuka kitini, penseli mkononi, mpumbavu mimi, kama mtu ambaye angeweza kuandika kitu pale. Gilbert akageuka, na uso wake ukamwangukia mama katikati ya mabega. Yeye alikuwa ametazama ukutani. Sisi wote tulikuwa nyuma, na sisi ndio tuliomwona akicheka, mdomo umefungwa.

Nikafungua kinywa nimwambie ageuke.

Courant ikakatika.

Tulikaa kwenye giza, tukingoja, kama tunavyongoja siku zote. Halafu mtu akashusha blanketi dirishani na mwanga wa mchana ukaingia. Mama Gilbert alikuwa bado amesimama mbele ya shuka, ameshika ncha ya nguo yake, nyeusi juu hadi chini, haina hata alama. Solange alikuwa anakikunja kile kitenge.

"Nilimupangusa," mama akasema. "Lakini sikumuona. Véro, courant itarudia leo?"

Nikamwambia sijui.